Namna ya Kusikiliza na Kupima Vitabu vya Sauti vya Historia ya Vita

Kitabu cha sauti kinachosimulia historia ya vita kina watu wawili ndani yake, mwandishi na msomaji, na wasikilizaji wengi huwapa watu hao wawili alama moja. Sauti nzito na tulivu humfanya hata mwandishi mvivu aonekane msomi, na kwa upande wa pili utafiti wa miaka mingi huweza kuharibiwa na msomaji anayekanyaga majina ya mahali na kuikimbilia nukta ya mwisho. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua kitabu cha aina hiyo, namna ya kukisikiliza bila kupotea njiani, na namna ya kuipima sauti kando na historia kando. Mfano utakaotumika ni Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, ya mwaka 1914 hadi 1918, kwa sababu mapigano yake yalitokea Tanga, Taveta, Tabora, Rufiji na Mahiwa, mahali ambapo msikilizaji wa Kiswahili anapajua au anaweza kumwuliza anayepajua. Vitabu vingi vya sauti juu ya vita hivyo vimesomwa kwa Kiingereza, lakini vipimo vilivyomo humu havibadiliki kwa lugha wala kwa vita.

Hatua ya kwanza: jua umeshika kitabu cha aina gani

Kabla ya kuuliza kama kitabu ni kizuri, uliza ni kitabu gani. Kitabu cha mwanahistoria aliyepitia nyaraka za pande zote, kumbukumbu za mtu aliyekuwa vitani, mkusanyo wa barua na shajara, na riwaya yenye mandhari ya vita, vyote huwekwa katika rafu moja ya duka la mtandaoni na vyote husomwa kwa sauti zinazofanana. Riwaya haina deni la ukweli wa tarehe. Kitabu cha historia kina deni hilo katika kila ukurasa.

Kumbukumbu ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeyaongoza majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, wakati nchi yake imeshindwa na makoloni yake yamechukuliwa, na yeye mwenyewe akiwa shujaa mbele ya Wajerumani wenzake kwa kuwa hakuwahi kukamatwa. Mtu aliyeandika katika hali hiyo ana sababu ya kuonyesha kwamba mipango yake ilikuwa sahihi na kwamba askari wake Waafrika walimfuata kwa mapenzi matupu. Ukisoma maneno hayo kwenye karatasi, jicho lako lina nafasi ya kusita. Ukiyasikia yakisemwa na sauti ya kiume yenye heshima inayosema "mimi" na "askari wangu", unajikuta umekwisha kukubali kabla ya kufikiri. Hakuna ubaya wa kusikiliza kumbukumbu, tena mara nyingi ndizo zenye uhai kuliko vitabu vya wasomi, lakini zisikilizwe kama ushahidi wa upande mmoja.

Angalia pia mwaka ambao maneno yaliandikwa. Maduka mengi huonyesha mwaka wa kurekodi, kwa hiyo kitabu cha mwaka 1920 kinaweza kuonekana kama kazi ya juzi. Vitabu vya zamani ambavyo haki zake za kunakili zimekwisha hupatikana bure kwenye LibriVox, mradi ulioanza mwaka 2005 ambao wasomaji wake ni watu wa kujitolea. Humo utakuta wasomaji hodari sana na wengine ambao wanasoma huku jogoo akiwika dirishani, na wakati mwingine kitabu kimoja kimegawanywa kwa wasomaji kadhaa. Kwa kitu cha bure hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kusahau kwamba kitabu hicho kinabeba mawazo ya kikoloni ya wakati wake, na kwamba msomaji wa kujitolea anayasoma kama yalivyo bila kuongeza neno.

Hatua ya pili: kagua kabla ya kulipa

Anza na urefu. Msomaji wa kawaida wa Kiingereza husoma maneno 9,000 na kitu kwa saa moja. Kitabu cha historia chenye kurasa 400 za maandishi huwa na maneno zaidi ya laki moja, kwa hiyo kikisomwa chote hakiwezi kupungua saa kumi na moja au kumi na mbili. Ukiona kitabu cha namna hiyo kimetangazwa kuwa na saa tano, ujue kimefupishwa, hata kama neno hilo limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Katika historia ya vita, kinachokatwa kwanza ni sura za chakula, maradhi, barabara na wachukuzi wa mizigo, huku mapigano yakibakizwa, na matokeo yake ni vita vilivyopiganwa na watu wasiokula.

Kisha sikiliza kionjo. Maduka mengi hukupa dakika chache za mwanzo, na dakika hizo karibu kila mara ni utangulizi ulioandikwa kwa ufundi na kusomwa msomaji akiwa hajachoka. Ikiwezekana, azima kitabu kwanza ili uruke hadi katikati, mahali penye majina mengi na tarehe. Waswahili walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wana bahati hapa, kwa sababu maktaba nyingi za umma huazimisha vitabu vya sauti bure kwa kadi ya maktaba kupitia programu kama Libby.

Ukurasa wa maelezo ya kitabu nao una mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni jina la msomaji: kama halipo, au kama imeandikwa kwamba sauti ni ya kompyuta, tegemea matatizo ya majina. La pili ni kama kitabu kinakuja na faili ya ziada yenye ramani na orodha ya majina. Mchapishaji anayetoa ramani amefikiria msikilizaji, na asiyetoa amekiuza kitabu cha vita kama hadithi ya kulalia.

Kuhusu bando, faili ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kwa sauti ya mtu anayesoma, hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Kitabu cha saa kumi na mbili basi kitachukua karibu megabaiti 350. Kipakue mara moja mahali penye waifai, usikisikilize moja kwa moja kutoka mtandaoni.

Hatua ya tatu: andaa ramani na karatasi

Kitabu cha karatasi kina ramani, tanbihi, picha na faharasa. Kitabu cha sauti huviacha vyote hivyo, na kwa msikilizaji wa historia ya vita upungufu wa ramani ndio unaoumiza zaidi, kwa kuwa mwandishi aliandika akitegemea kwamba jicho lako liko juu yake. Chapa au chora ramani yenye mambo machache tu: reli ya Usambara kutoka Tanga hadi Moshi, Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika mwisho wake mwaka 1914, delta ya Rufiji, mto Ruvuma, Ngomano ndani ya Msumbiji, palipopiganwa Novemba 1917, Kasama, na Abercorn ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Pembeni mwa ramani andika majina ya zamani, kwa sababu waandishi wengi hutumia majina ya Wajerumani bila kuyaeleza. Neu Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Wilhelmstal ni Lushoto. Asiyelijua hilo anaweza kusikiliza sura nzima akidhani vita vimehamia nchi nyingine.

Karatasi ya pili iwe ya majina ya watu, ukiandika kila mmoja alikuwa upande gani na aliongoza nini. Jan Smuts alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza Februari 1916. Charles Tombeur aliongoza majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yaliyoingia Tabora Septemba mwaka huohuo. Watu wanane au kumi watakutosha kwa kitabu kizima.

Hatua ya nne: sikiliza kwa vipande vinavyobebeka

Sikiliza sura moja, kisha simama. Historia ya vita ina desturi ya kurundika vikosi, tarehe na vyeo katika aya moja, na sikio halina uwezo wa kurudi nyuma lenyewe kama jicho. Anza kwa kasi ya kawaida katika sura mbili za mwanzo ili uzoee sauti na majina, ndipo uongeze kidogo ukitaka; kasi ya moja na robo haimharibu msomaji mzuri. Mapigano yanapoanza kusimuliwa, irudishe kasi chini. Sura za mapigano zisisikilizwe ukiwa unaendesha gari au unavuka barabara, na kama nyumbani kuna watoto wadogo, tumia hedifoni, kwani waandishi wa vita hawatoi onyo kabla ya kueleza hospitali.

Kila unaposhtuka, kwa sababu ya takwimu ya kushangaza au dai zito, weka alama ya mahali katika programu na uandike saa na dakika. Alama hizo ndizo zitakazokuwa tanbihi zako.

Hatua ya tano: pima sauti

Katika sauti kuna mambo matatu ya kupima, na utamu wake ni la mwisho kwa uzito.

La kwanza ni majina. Msomaji aliyejiandaa anajua kwamba Lettow hutamkwa "Leto", bila herufi ya mwisho kusikika, na kwamba Vorbeck huanza kwa sauti ya "f". Anajua pia kwamba Rufiji, kama maneno mengine ya Kiswahili, ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini tusiwe wakali kupita kiasi. Msomaji wa Uingereza anayeitamka Mahiwa vibaya kwa namna ileile kitabu kizima hajakudhuru, kwani baada ya mara mbili umekwisha kumwelewa. Anayekudhuru ni yule anayeitamka kwa njia mbili katika sura mbili, ukaanza kutafuta kwenye ramani mji wa pili ambao haupo. Kosa hilo ni la kawaida katika sauti za kompyuta, ambazo pia huvuruga vifupisho vya vikosi na namba za Kirumi.

La pili ni mipaka ya nukuu. Kwenye karatasi, alama za kunukuu zinakuonyesha maneno ya afisa wa mwaka 1914 yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Kwenye sauti alama hazionekani, na ni kazi ya msomaji kuzifanya zisikike, kwa kituo kifupi au kwa kubadili mwendo kidogo. Asipofanya hivyo, tusi la afisa wa kikoloni dhidi ya Waafrika au Wahindi husikika kama hukumu ya mwandishi wa leo, na pengine mwandishi alilinukuu ili alipinge. Hili ni jambo kubwa kuliko jina lililotamkwa vibaya, na kwa maoni yangu linatosha kumshusha msomaji daraja.

La tatu ni uigizaji. Wako wasomaji wanaompa kila Mjerumani lafudhi ya sinema na kila Mwafrika sauti ya mtumishi. Katika riwaya hilo ni suala la ladha. Katika historia ni kuongeza kitu ambacho mwandishi hakukiandika, na msikilizaji ana haki ya kulitia doa kwenye maoni yake. Kasoro za kiufundi, kama sentensi iliyorudiwa, sauti inayopanda na kushuka kati ya sura au pumzi zinazosikika mno, zitaje kwa ufupi na uendelee.

Hatua ya sita: pima historia kwa tukio moja

Huwezi kukagua kila ukurasa wa kitabu cha saa kumi na mbili. Chagua tukio moja unalolijua vizuri, lisikilize mara mbili, na ulifanye mizani ya kitabu kizima. Kwa vita vya Afrika Mashariki, mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanafaa sana, kwa kuwa karibu kila kitabu kinayataja na karibu kila mwandishi mvivu huyaeleza kwa namna moja: nyuki.

Ni kweli nyuki walikuwepo. Milio ya risasi iliwachokoza mizinga yao ikiwa mitini, wakawashambulia askari porini, na Wajerumani nao waliumwa, wakiwemo wapiga bombomu, yaani bunduki za rashasha. Kitabu kinachoishia hapo, au kinachodokeza kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi, kimekupa kichekesho badala ya historia. Sikiliza kama mwandishi anaeleza kilichotangulia. Meja Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alikuja na watu wapatao 8,000 kutoka India, waliosafiri baharini zaidi ya wiki mbili wakiwa wamebanana na kuugua. Tarehe 2 Novemba manowari ya Fox iliingia kwanza kuutaka mji ujisalimishe, na muda uliopotea hapo ulimpa Lettow-Vorbeck nafasi ya kushusha askari kutoka upande wa Moshi kwa reli ya Usambara. Mji haukupelelezwa ipasavyo kabla ya watu kuteremka Ras Kasone. Shambulio kubwa la tarehe 4 lilivunjwa na askari wapatao elfu moja tu, na siku iliyofuata Waingereza walirudi melini, wakiacha nyuma bunduki, bombomu na risasi nyingi zilizomfaa adui kwa miezi mingi. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 800.

Katika simulizi hiyo mtafute pia aliyebebeshwa lawama. Maafisa wa Kiingereza waliwatupia askari wa Kihindi mzigo wote, na vitabu vingi vya zamani vilirudia maneno yao. Mwandishi makini atakueleza kwamba baadhi ya batalioni za Kihindi zilivunjika kweli, kisha atauliza zilifunzwa nini, ziliongozwa na nani na zilikuwa katika hali gani, na hatasahau kwamba askari wa Kashmir, wakiwemo Wagurkha kutoka Nepal, waliingia mjini na kupigana nyumba kwa nyumba. Dakika ishirini za sura hiyo zitakuonyesha tabia ya mwandishi kuliko sifa zote zilizochapwa kwenye jalada.

Kipimo cha pili ni wapagazi. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwapo, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilisafiri kichwani mwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu inayotajwa sana ni ya wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, ilhali askari waliokufa upande huohuo ni elfu kumi na ushei. Kitabu ambacho wapagazi wanatokea katika aya moja kati ya saa kumi na mbili kimekosa vita vyenyewe, hata kama tarehe zake zote ni sahihi. Sikiliza hasa sura ya mwisho, Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini pale Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Waandishi wote watakutajia Wajerumani 155, wengi watataja askari Waafrika 1,168, na wachache watakuambia pia kuhusu wapagazi na wanawake waliokuwa kwenye msafara huohuo na yaliyowapata baadaye.

Kipimo cha tatu ni namna mwandishi anavyozungumzia vyanzo vyake, kwa kuwa tanbihi huzisikii. Historia rasmi ya Waingereza juu ya vita hivi ilitoa juzuu moja tu, mwaka 1941, inayoishia Septemba 1916. Ya pili haikutoka. Nyaraka nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea Potsdam katika mashambulio ya mabomu ya Aprili 1945. Kwa hiyo mwandishi anayesimulia mwaka 1917 na 1918, Mahiwa na msafara wa Msumbiji, anategemea shajara, kumbukumbu na majalada yaliyotawanyika, na mwandishi mwaminifu atalisema hilo ndani ya maandishi yenyewe, kwa maneno kama "kwa mujibu wa shajara ya" au "wapagazi wenyewe hawakuulizwa". Anayesimulia miaka minne yote kwa uhakika uleule, pamoja na mazungumzo ya kambini neno kwa neno, ametunga.

Baada ya hapo tafuta simulizi ya pili ya tukio lilelile kutoka upande mwingine. Hapa Kiswahili kina urithi wake, kwani historia ya vita kwetu iliandikwa tangu zamani ili isikike: Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga utenzi juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitwaa Mrima, yaani pwani, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Hazihusu mwaka 1914, lakini msikilizaji aliyezisikia tenzi hizo zikighaniwa ataelewa upesi kile kinachokosekana katika kitabu kinachowaita watu wa nchi "wenyeji" na kupita.

Hatua ya saba: andika maoni yatakayomsaidia mwingine

Toa alama mbili, moja ya usomaji na nyingine ya historia, na useme wazi ipi imekuzuia au imekusukuma kukimaliza kitabu. Taja mwaka wa maandishi, urefu, kama kimefupishwa, na kama ramani zimo. Kila lawama ipe saa na dakika yake, kwa mfano kwamba kwenye saa ya tatu na dakika ya kumi mji mmoja umetamkwa kwa namna mbili, ili mtu mwingine aweze kuhakiki mwenyewe. Kama mwandishi ni hodari na msomaji ni mbovu, mshauri msikilizaji atafute chapa ya karatasi. Kama msomaji ni hodari na mwandishi ni mbovu, sema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu kitabu cha namna hiyo ndicho kinachouzika zaidi.